Ndege Adimu ni Habari ya Ziwa Jingine

Magharibi mwa London, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, yapo mabwawa mawili ya maji ya mjini yaliyoinuliwa juu ya ardhi na kuzungushiwa kingo za zege. Yanaitwa Staines. Yalifunguliwa 1902, na katikati yake limekatiza tuta refu ambalo kila mtu ana haki ya kupita kwa miguu. Upepo wa hapo haukingwi na kitu. Ukipita Januari utawakuta watu wazima, makoti yamefungwa hadi kidevuni, wakichungulia kwenye darubini za miguu mitatu na kupekua kundi la bata wa kawaida mmoja baada ya mwingine, wakitumaini kwamba mmoja wao si wa kawaida. Ukiwauliza wameona nini, watakujibu kwa upole kwamba leo hakuna kitu. Maana yake wameona ndege mia kadhaa.

Kwa mtu aliyezoea kuona ndege bila kuwatafuta, shughuli hii ina kichekesho chake. Waingereza wenyewe huwacheka wenzao wanaoendesha gari usiku kucha kwa sababu bata mmoja amepotea njia kutoka Amerika, wakamtazama kwa dakika kumi, kisha wakageuza gari. Bata mwenyewe mara nyingi huwa amelala, kichwa kimefichwa chini ya bawa. Lakini mazoea haya ya majira ya baridi, yakifanywa na watu wengi kwa miaka mingi, yamezaa elimu ambayo hakuna wizara ingeweza kuigharimia. Kubwa linalotoka katika elimu hiyo ni kwamba ndege adimu aliyetua katika bwawa lako hasemi mengi kuhusu bwawa lako. Anatoa habari ya ziwa jingine, ambalo huenda hujawahi kulisikia, na ambalo limeganda, limekauka, limefurika au limetegwa nyavu.

Tuanze na barafu, maana huko kaskazini ndiyo inayotawala. Maziwa ya Finland na ya kaskazini mwa Urusi huanza kuganda kati ya Oktoba na Novemba. Bata anayekula kwa kupiga mbizi hana la kufanya juu ya maji yaliyofunikwa, kwa hiyo anahama. Anashuka hadi Bahari ya Baltiki. Ghuba zake zikiganda anasogea Uholanzi, kwenye ziwa kubwa la IJsselmeer, na Uholanzi nayo ikibanwa anavuka hadi Uingereza, ambako joto la Atlantiki hufanya majira ya baridi yawe ya mvua na tope kuliko ya theluji. Huko nako vidimbwi huganda kwanza, kisha maziwa ya kina kifupi. Bwawa kubwa lenye kina huwa la mwisho, kwa sababu wingi wa maji hutunza joto na upepo huyatikisa yasitulie. Hivyo mabwawa ya maji ya kunywa, yaliyojengwa na wahandisi wasiokuwa na habari na ndege hata kidogo, yamegeuka kimbilio.

Katika baridi ya 1962/63, iliyoshika kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi, ndege walirundikana penye maji machache yaliyobaki wazi, na wengi walikufa. Kwa mpekuzi wa ndege adimu, mwaka kama huo ni wa neema. Shughuli hii ina aibu yake ndogo ambayo wenyewe hawapendi kuizungumza: siku njema ya mtazamaji mara nyingi ni siku ya njaa kwa anayetazamwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bata mdogo ambaye Waingereza humwita smew. Dume ni mweupe mwenye mistari myembamba myeusi. Jike ni wa kijivu mwenye kichwa cha rangi ya kutu. Huzaliana katika matundu ya miti kwenye misitu ya kaskazini, kutoka Skandinavia na Finland hadi mashariki ya mbali ya Urusi, na Uingereza hawakuwahi kuwa wengi. Kwenye mabwawa ya kusini-mashariki na mashimo ya kokoto yaliyojaa maji, dume mmoja alitosha kumfanya mtu arudi nyumbani akiimba. Miaka ya karibuni wamepungua sana, na wazee wa mabwawa wakaanza kulalamika. Je, smew wanakwisha?

Jibu lilitoka katika utafiti uliochapishwa 2015, ukiongozwa na Diego Pavón-Jordán wa Helsinki na kutumia hesabu za Januari za nchi nyingi za Ulaya. Smew hawakwishi, wamebaki njiani. Sehemu ya wale wanaokaa majira ya baridi kaskazini-mashariki mwa Ulaya ilipanda kutoka kama asilimia 6 hadi karibu theluthi moja katika miongo miwili. Maji ya huko hayagandi kama zamani, kwa hiyo hawana sababu ya kulipa nauli ya kufika mbali. Utafiti mwingine wa 2013 uliangalia bata wa aina tatu walio wengi zaidi ukakuta mambo ni yale yale: Finland peke yake ilikuwa imeongeza zaidi ya laki moja ya bata wa majira ya baridi kulinganisha na miongo mitatu ya nyuma, na kusini mwa eneo lao la majira ya baridi idadi ikashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo mtu anayesimama juu ya tuta lake na kuandika sifuri daftarini anaandika habari za hali ya hewa ya Finland. Sifuri yake ina thamani kuliko anavyodhani, ingawa ni vigumu kumwambia hivyo akiwa hazisikii tena ncha za vidole.

Lakini smew asituvimbishe kichwa. Si kila upungufu una maelezo ya faraja. Bata-maji wa Bewick, ndege mkubwa mweupe anayezaliana kwenye uwanda wa baridi kali wa kaskazini mwa Urusi, naye amepungua Uingereza, na mtu angeweza kusema kwa haraka kwamba huyu pia amebaki Ujerumani au Denmark. Kwa sehemu ni kweli. Lakini hesabu zilizofanywa kwa pamoja katika nchi zote za kaskazini-magharibi mwa Ulaya zilionyesha kwamba jumla yenyewe ilishuka kutoka kama 29,000 mwaka 1995 hadi kama 18,000 mwaka 2010. Huyu hakusogea tu, anapungua. Kwa aliyesimama kwenye bwawa moja, mambo haya mawili yanafanana kabisa: jana walikuwapo, leo hawapo. Tofauti kati ya ndege aliyehama na ndege aliyekufa haionekani kwa darubini, hata ile ya bei ya pikipiki. Inaonekana tu kama watu wa maziwa mengi wamehesabu siku zile zile na kulinganisha madaftari.

Waingereza walilifikia wazo hilo polepole, na kwa sababu za ajabu kidogo. Katika karne ya 19 mitindo ya mavazi ya wanawake ilitaka ngozi na manyoya ya kibisi mwenye shungi, ndege wa maziwa anayevaa kichwani mapambo ya rangi ya chungwa wakati wa kuzaliana. Kufikia 1860 jozi zilizojulikana katika Uingereza nzima hazikufika 50. Hasira dhidi ya biashara hiyo ya manyoya ndiyo iliyozaa, mwaka 1889, chama ambacho leo ni cha hifadhi ya ndege kikubwa kuliko vyote nchini humo. Mwaka 1931 vijana wawili, Tom Harrisson na Philip Hollom, wakawaomba watu wa kujitolea wahesabu vibisi hao kila penye maji; walipata takriban jozi 1,200. Hapo ilionekana kwamba mwalimu wa shule, padri na karani wa posta, wakipewa fomu na maelekezo, wanaweza kufanya kazi ambayo profesa mmoja hawezi. Hesabu za kila majira ya baridi za bata zilianza 1947, hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ikaanza 1967, na ile ya Afrika 1991. Zote huwa na hesabu kuu katikati ya Januari, kwa sababu wakati huo ndege wametulia. Aliyekuwa anakuja keshafika na aliyekuwa anaondoka bado.

Leo kibisi mwenye shungi ni ndege wa kawaida kwenye mabwawa ya London. Waliochimba kokoto na waliojenga mabwawa walimpa maji mapya bila kukusudia. Wapekuzi wa Staines humruka kwa darubini bila kusimama. Ajabu ni kwamba ndege huyo huyo, wa jamii ndogo ya Afrika, alikuwa akionekana kwa urahisi Naivasha na katika maziwa mengine ya nyanda za juu za Kenya, na sasa kumwona huko ni habari ya kupigiana simu. Nyavu za kuvulia humnasa akiwa chini ya maji. Boti na kuharibika kwa mimea ya kando ya ziwa humnyima mahali pa kujenga kiota kinachoelea. Safari yake imekuwa kinyume: kule ametoka uadimu akaingia ukawaida, huku ametoka ukawaida akaingia uadimu, na hakuna aliyeandika gazeti zima juu yake kwa sababu hakuwa na rangi ya waridi kama flamingo.

Kwetu majira ya baridi ni neno la kuazimwa. Januari ni kaskazi, jua kali, na anayekwenda kuangalia ndege hubeba kofia ya jua. Lakini wageni wanaokuja wamefukuzwa na barafu ile ile iliyotajwa hapo juu. Kwenye matope ya Elementaita na Manyara utakuta kitwitwi mdogo mwenye uzito wa gramu 25 hivi, ambaye Julai alikuwa karibu na Bahari ya Aktiki. Pamoja naye wapo bata wenye mdomo mpana, bata wenye mkia mrefu mwembamba, na yule bata mdogo ambaye dume wake ana mstari mweupe juu ya jicho na ambaye karibu jamii yake nzima ya Ulaya huja kukaa Afrika. Hao si adimu. Uadimu huanza pale anapotokea kati yao bata wa Ulaya ambaye kwa desturi haendi kusini hivyo, na hapo mtu anatakiwa kujiuliza ni kitu gani kilichomsukuma kutoka Ethiopia au bonde la Nile, badala ya kufurahi tu kwamba orodha yake imeongezeka.

Na tuna majira ya baridi ya pili ambayo watu wa kaskazini hawanayo. Kusi ikivuma, baridi ya kusini mwa dunia nayo inasukuma ndege. Kuanzia Mei hadi Oktoba huja korongo mdogo wa Madagaska, ndege aliye hatarini kutoweka ambaye jamii yake nzima ni maelfu machache tu. Kwao, wakati wa kuzaliana, ni mweupe kama maziwa na mdomo wa buluu. Akifika huku, amevaa michirizi ya kahawia na kufanana na korongo mwenzake wa hapa kiasi kwamba wajuzi hubishana juu ya upana wa mchirizi. Husambaa Kenya, Tanzania hadi Rwanda na Kongo, na husimama popote penye maji na matete: mtoni, kwenye lambo la mifugo, kwenye shamba la mpunga. Pengine umeshampita. Kwa kuwa makoloni yake ya viota yako Madagaska na visiwa vichache vya jirani, ambako vinamasi vinageuzwa mashamba na mayai na makinda huchukuliwa, kuadimika kwake katika lambo la Kajiado ni habari ya kijiji cha ng'ambo ya bahari.

Maji yetu hayagandi. Yanafanya mambo mengine ambayo kwa ndege ni sawa na kuganda: yanakauka, yanajaa, yanabadilisha magadi yake. Kwa hilo hakuna mwalimu kama heroe mdogo, au flamingo kama wengi wanavyomwita. Kwa miaka mingi hakuna mwanasayansi aliyejua kwa hakika ndege hawa mamilioni wanazaliana wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, aliyaona makoloni yao katikati ya ziwa Natron akiwa angani kwenye ndege ndogo. Akaamua kuwaendea kwa miguu. Matope ya magadi yalimchoma miguu hadi akalazwa hospitalini na kupandikizwa ngozi. Baadaye aliandika kitabu juu yao, jambo linaloonyesha ama mapenzi makubwa ama usahaulifu.

Natron ni kitalu chao kikuu kwa sababu ya usawa mgumu. Maji yakiwa mengi, viota vya matope vinazama. Yakiwa machache, fisi na mbweha wanatembea hadi kwenye mayai. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda yakawa pingu, na watu wa kujitolea pamoja na askari wakaingia kuzivunja, wakaokoa maelfu. Aliyekuwa Magadi mwaka huo aliona maajabu ambayo hayakuwahi kuonekana hapo. Aliyajua maajabu, asijue kwamba sababu yake iko upande wa pili wa mpaka.

Nakuru ilifanywa hifadhi ya taifa 1968 kwa heshima ya ndege hao. Tangu kama 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, Nakuru ikameza hadi lango kuu la hifadhi, chumvi ikapungua, na viumbe vidogo vya kijani ambavyo heroe huchuja kwa mdomo vikapungua navyo. Ndege wakaondoka kwa wingi, wengi wakaenda Bogoria. Vyombo vya habari vikauliza flamingo wamekwenda wapi, kana kwamba wamevunja mkataba na wizara ya utalii. Jibu lilikuwapo kwenye madaftari ya Januari: jumla ya maziwa yote ndiyo ya kuangalia, wala si ziwa moja lenye hoteli nyingi.

Mwari weupe wa Elementaita hutoa somo hilo kwa njia ya chakula. Huzaliana kwa maelfu kwenye visiwa vya mawe vya ziwa ambalo kwa kawaida halina samaki wa kuwatosha, kisha hupanda juu na hewa ya moto ya asubuhi na kwenda kuvua Nakuru. Samaki hao wa Nakuru nao si wa hapo: waliletwa kutoka Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu hawajakwisha Nakuru, lakini mwari walishukuru. Basi ukihesabu makinda ya mwari Elementaita, unahesabu samaki wa ziwa jingine waliotoka ziwa la tatu.

Sasa nije kwenye maji yasiyopigwa picha. Anayetaka ndege wa majini karibu na Nairobi, na aliye tayari kulipia kwa pua, hana pa kwenda pazuri kuliko mabwawa ya majitaka ya Dandora kule Ruai. Kinyesi cha mji kinapopita bwawa hadi bwawa, kinalisha wadudu wa majini, na wadudu wanalisha bata, kitwitwi na heroe waliokuja bila kuchagua mandhari. Ndivyo ilivyo Ulaya pia. Sehemu nyingi maarufu za ndege adimu ni za majitaka, ila vijitabu vya utalii huziita kwa jina la kijiji cha jirani. Tanzania ina bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, na Mtera kwenye Ruaha Mkuu. Yote mawili yametambuliwa kuwa maeneo muhimu ya ndege kimataifa, na yote mawili huendeshwa kwa mahitaji ya umeme. Bwawa likishushwa ili mitambo izunguke, matope yanafunuliwa na ndege wa matopeni wanafurahi; likijazwa, wanaondoka. Mtu wa zamu kwenye geti la maji ana uwezo juu ya ndege wa Siberia kuliko balozi yeyote, na hakuna aliyemwambia.

Uadimu una matapeli wake pia, na hapa pana somo la tahadhari. Kati ya 1892 na 1930, eneo la Hastings kusini mwa Uingereza lilitoa ndege adimu kwa wingi usioelezeka, wengi wao wakipitia mikononi mwa mkaushaji ngozi mmoja aliyewauzia matajiri wa makusanyo. Mwaka 1962 wachambuzi walipiga hesabu, wakaona bahati ya namna hiyo haiwezekani, wakafuta rekodi karibu 600. Inadhaniwa ndege hao waliletwa kwa meli wakiwa kwenye barafu. Tapeli wa Hastings, kwa namna yake, alikuwa ameelewa hoja ya makala hii: aliuza habari za maziwa ya mbali kwa wanunuzi wasiouliza.

Wapo pia wasiotapeli ila wametoroka. Bata mwekundu wa Amerika mwenye mkia uliosimama alitoroka kutoka makusanyo ya bata hai ya Slimbridge, Uingereza, miaka ya 1950, akazaana kwenye mabwawa ya Uingereza hadi kufikia maelfu, kisha akavuka hadi Hispania na kuanza kuoana na bata mwenye kichwa cheupe, ndugu yake ambaye mwaka 1977 walibaki 22 tu katika Hispania nzima. Kuanzia 2005 serikali ya Uingereza ikagharimia bunduki za kuwamaliza wageni hao. Watazamaji waliokuwa wakiwapenda waligawanyika. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa ni wazi bata mwenyewe hakuulizwa alikotaka kuzaliwa.

Ndugu wa tatu wa ukoo huo ni wetu: bata wa Makoa, dume wake kahawia iliyoiva na mdomo wa buluu, ambaye huonekana maziwa ya Momella chini ya mlima Meru na kwenye baadhi ya maji ya nyanda za juu za Kenya. Hupiga mbizi na kuchuja wadudu kwenye tope la chini, kwa hiyo sumu yoyote inayotuama chini humfikia yeye kwanza, na nyavu humnasa kama zilivyomnasa kibisi. Ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini. Ukimkuta, usiishie kumpiga picha. Hesabu wangapi, andika tarehe na mahali, na andika pia mahali ulipomtafuta ukamkosa, kwa sababu kwake hizo sifuri ndizo zitakazoonyesha ramani ya alikokwisha.

Idadi hizi zina meno ya kisheria, jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971, eneo lenye maji huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa kama kwa kawaida linabeba ndege wa majini 20,000, au asilimia 1 ya jamii fulani ya ndege. Asilimia moja ya nini? Ya jumla ambayo lazima mtu aliihesabu. Nakuru iliingia kwenye orodha hiyo 1990, Natron 2001, Elementaita 2005. Pasipokuwa na daftari, wakili wa ziwa anasimama mbele ya mwekezaji akiwa na ushairi tu. Ndege adimu mmoja hasaidii kesi hiyo hata kidogo; wanaosaidia ni wale elfu wa kawaida ambao mpekuzi aliwaruka.

Udhaifu wa hesabu zetu uko wazi kwa yeyote anayezifuatilia. Maziwa yenye barabara na hifadhi huhesabiwa; malambo ya wafugaji, mabwawa ya umwagiliaji na ya umeme mara nyingi hayahesabiwi. Heroe hupata macho mengi, kibisi machache. Wanaoweza kutofautisha majike ya bata kwa mbali ni wale wale kila mwaka, na wanazeeka. Fedha huja ziwa linapopata janga na huondoka na kamera. Kwa mtindo huo tutaendelea kujua kwamba ndege fulani hayupo hapa bila kujua kama yuko kwingine.

Kwa hiyo ombi ni la vitendo. Mamlaka zinazosimamia mabwawa ya umeme, ya umwagiliaji na ya majitaka zifungue mageti yao asubuhi moja katikati ya kila Januari, na nyingine Julai kwa ajili ya wageni wa kusi, kwa watu wenye darubini na barua ya utambulisho, na zitoe rekodi ya kina cha maji ya siku hiyo. Gharama yake ni mlinzi mmoja na kitabu cha wageni. Na wewe msomaji unayeishi karibu na lambo, jifunze kwanza ndege watano wanaoonekana hapo kila siku, kisha ujiandikishe. Nchini Kenya hesabu ya Januari huendeshwa na wataalamu wa ndege wa makumbusho ya taifa wakishirikiana na idara ya wanyamapori na watu wa kujitolea, na mtu wa kushika kalamu huhitajika kama anavyohitajika mjuzi.